Kabla Hujashuka Tangini: Mwongozo wa Kuzuia Ajali za Ukosefu wa Oksijeni Katika Sehemu Finyu

Maswali ya wanaoanza kazi hizi ni yale yale. "Tangi limekaa wazi tangu jana, bado nipime?" "Nikivaa barakoa ya chujio si inatosha?" "Nikiona pumzi inakuwa nzito si nitapanda juu?" La kwanza jibu lake ni ndiyo, pima. La pili ni hapana, kwa sababu chujio linachuja tu na haliwezi kukutengenezea oksijeni ambayo haipo. La tatu ndilo linaloua watu, kwa hiyo tuanze nalo.

Kinachokufanya utamani kuvuta pumzi ni kaboni dayoksaidi inayojikusanya kwenye damu. Upungufu wa oksijeni peke yake haukupi hamu hiyo. Ukiwa ndani ya tangi lililojaa naitrojeni, unaendelea kutoa kaboni dayoksaidi yako kama kawaida, kifua hakibani, na hakuna harufu. Unajiona uko sawa, kisha magoti yanakatika. Mwili hautakuonya, na ndiyo maana kila hatua hapa chini inataka kifaa kitangulie kushuka kabla ya mtu.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikifika 16 moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma na maamuzi yanaanza kuharibika. Kwenye 12 kuna kizunguzungu na misuli inalegea, kiasi kwamba mtu anaiona ngazi lakini hawezi kuipanda. Kwenye 10 midomo inageuka buluu, kichefuchefu kinakuja na fahamu zinayumba. Kwenye 8 anazimia, na anaweza kufa ndani ya dakika chache. Chini ya 6, pumzi moja au mbili zinamwangusha, kwa sababu hewa hiyo ikiingia mapafuni inanyonya oksijeni iliyokuwa tayari kwenye damu na kuitoa nje.

Sehemu zinazohusika

Matangi ya maji, mafuta na kemikali, chemba za maji taka, visima, makaro, mashimo ya pampu, mabomba makubwa, maghala ya silo, mapipa ya kuchachushia, ngama za meli na chumba cha mnyororo wa nanga. Hata shimo lisilo na mfuniko limo, kama kina chake kinazuia hewa kuzunguka.

Oksijeni inaondoka kwa njia mbili: inaliwa au inasukumwa. Inaliwa na kutu (tangi tupu la chuma lililofungwa likiwa na unyevu linaweza kubaki na oksijeni kidogo mno), na vijidudu vya tope na uchafu, na nafaka au magogo yanayopumua, na rangi za mafuta zinazokauka, na makaa ya chujio yaliyolowa. Inasukumwa na naitrojeni ya kusafishia mabomba, agoni ya kuchomelea (gesi isiyo na rangi wala harufu), kaboni dayoksaidi ya uchachu au ya barafu kavu, na methani ya maji taka. Kumbuka pia kwamba chumba cha jirani kinaambukizwa. Ngazi iliyo pembeni ya ngama yenye magogo inaweza kuwa na hewa mbaya sawasawa na ngama yenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipima gesi cha gesi nne (oksijeni, gesi za kulipuka, haidrojeni salfaidi, kaboni monoksaidi), chenye pampu na mpira wa kunyonyea mrefu kuliko kina cha shimo. Ongeza kingine kidogo cha kuvaa kifuani kwa kila anayeingia.
- Mtungi wa gesi ya majaribio inayolingana na sensa za kifaa chako.
- Blowa (feni ya kusukuma hewa) na mpira wake wa hewa, wa kufika hadi chini.
- Stendi ya miguu mitatu yenye winchi, au mkono wa kuinulia unaofungwa pembeni ya mdomo.
- Mkanda wa usalama wa mwili mzima wenye pete mgongoni. Mkanda wa kiunoni usitumie: mtu aliyezimia akivutwa kiunoni anajikunja kama herufi V na kukwama mdomoni.
- Kamba ya uhai, na redio au ishara za kamba mlizokubaliana.
- Kifaa cha kupumulia chenye mtungi wa hewa, kikiwa kimejaa na kiko hapo hapo juu. Kikifungiwa stoo hakimsaidii mtu.
- Taa isiyotoa cheche, ya volti ndogo (12 au 24).
- Kufuli, mabango, vizuizi vya kuzunguka shimo, na fomu ya kibali cha kuingia.

Watu wasipungue watatu: anayeingia, mlinzi wa mlango, na msimamizi anayepima na kutia saini kibali. Mkiwa wawili tu, kazi isubiri.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kwanza namna ya kutoingia. Tope linaweza kunyonywa kwa pampu ukiwa juu. Kifaa kilichoanguka kinaweza kuvuliwa kwa ndoano. Ukuta wa tangi unaweza kukaguliwa kwa kamera kwenye fimbo. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu kushuka ni haraka zaidi, na kweli ni haraka.

2. Jua kilichokuwa ndani, na kazi yenyewe itazalisha nini. Tangi lilibeba nini mara ya mwisho? Lilisafishwa kwa nini? Limefungwa kwa muda gani? Kisha jiulize kuhusu kazi: kuchomelea kunaleta agoni au kaboni monoksaidi, kupaka rangi kunaleta mvuke, kukoroga tope kunaachia haidrojeni salfaidi iliyokuwa imetulia chini. Majibu yaandikwe kwenye kibali, pamoja na saa kibali kinapoisha.

3. Tenga sehemu hiyo na kila kinachoweza kuingia. Kufunga koki peke yake hakutoshi, kwa sababu koki zinavuja na mtu mwingine anaweza kuzifungua. Kata kiungo cha bomba au ingiza bamba la kuziba kwenye flenji (maungio ya bomba yenye bolti). Kama haiwezekani, funga koki mbili na ufungue tundu la kumwagia lililo katikati yake, ili kinachovuja kitoke nje. Umeme wa vikorogeo na pampu uzimwe, upigwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia. Mabomba ya naitrojeni na agoni yapewe uangalifu wa pekee, maana yakivuja hakuna atakayenusa wala kuona kitu.

4. Kagua kipima gesi kwenye hewa safi. Kiwashe mbali na gari linalonguruma, mbali na jenereta, na mbali na mdomo wa shimo lenyewe. Kipe muda wa kuzoea joto la hapo kama kimetoka kwenye baridi. Kisome: oksijeni 20.9, vingine vyote sifuri. Kisha kipitishie gesi ya majaribio uone kila sensa inapanda na kengele inalia. Fanya hivyo kila siku ya kazi kabla ya kushuka.

Kuna jaribio dogo la oksijeni lisilohitaji mtungi. Kusanya viganja kuzunguka sensa, vuta pumzi, ishikilie kidogo, kisha ipulize polepole juu yake. Pumzi inayotoka kinywani ina oksijeni kama asilimia 16 au 17, kwa hiyo namba inapaswa kuporomoka mbele ya macho yako na kengele kulia, kisha irudi 20.9 ukiondoa mikono. Namba ikikaa 20.9 palepale, hiyo sensa imekufa na inakudanganya. Jaribio hili linakuonyesha tu kwamba sensa ya oksijeni iko hai. Gesi ya majaribio bado inahitajika kwa sensa nyingine.

5. Pima ukiwa nje, kabla mfuniko haujafunguka wote. Ingiza mpira kwenye tundu la mfuniko au uinue kidogo upande mmoja. Simama upande unaotoka upepo, na usiinamishe kichwa mdomoni. Watu wamezimia wakichungulia tu, wakatumbukia.

Teremsha mpira na upime juu, katikati na chini, na ndani ya shimo pana pima pia pembeni na kwenye kona. Methani ni nyepesi na hukaa juu. Haidrojeni salfaidi, kaboni dayoksaidi, agoni na mvuke wa petroli ni nzito na hulala chini. Kaboni monoksaidi uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo inasambaa kote. Shimo linaweza kuwa salama kifuani na la kufisha miguuni, na mtu huinama anapofanya kazi.

Usiharakishe. Hewa inahitaji muda kusafiri ndani ya mpira, kisha sensa nayo inahitaji muda kuitikia. Kila kina kipe angalau dakika 2, zaidi kama mpira ni mrefu, na usisogee hadi namba itulie. Funga kizito kwenye ncha ya mpira ili ushuke wima, lakini uweke alama ya kina ili usizame majini: pampu ikinyonya maji, kifaa kimekwisha.

Soma kwa mpangilio huu: oksijeni, halafu gesi ya kulipuka, halafu gesi za sumu. Sababu ni kwamba sensa nyingi za gesi ya kulipuka hufanya kazi kwa kuiunguza gesi hiyo, na bila oksijeni ya kutosha, hasa ikiwa chini ya asilimia 10, zinasoma pungufu. Mtu anaona sifuri na kudhani hakuna methani, kumbe methani ni nyingi kiasi cha kumaliza oksijeni ya kuiunguzia.

6. Zielewe namba. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Viwango vya kengele vinavyotumika sana ni hivi: oksijeni chini ya 19.5 au juu ya 23.5, gesi ya kulipuka asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka (kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kulipuka), haidrojeni salfaidi 10 ppm (sehemu kumi kwa milioni), kaboni monoksaidi 35 ppm. Sheria za nchi zinatofautiana. Kwa oksijeni, Marekani inatumia 19.5 na Japani 18. Fuata sheria ya mahali ulipo, lakini usichukulie 19.5 kama ruhusa ya kuingia.

Fikiria hivi. Oksijeni ni kama moja ya tano ya hewa. Ikishuka kwa asilimia 1 kwa kusukumwa na gesi nyingine, basi gesi hiyo imeingia kwa karibu asilimia 5, yaani 50,000 ppm. Kama ni methani, asilimia 5 ndipo inapoanza kuweza kulipuka, na oksijeni bado inasoma 19.9 bila kengele yake kulia. Kama ni kaboni dayoksaidi, asilimia 4 inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na hapo oksijeni iko kama 20.1. Kipima gesi cha gesi nne cha kawaida hakina sensa ya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo kitanyamaza kabisa. Ukifanya kazi kwenye mapipa ya uchachu au maghala ya nafaka, tafuta kifaa chenye sensa hiyo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: kwa nini si 20.9? Tofauti ya 0.1 au 0.2 inaweza kutokana na joto na unyevu. Zaidi ya hapo, usiingie mpaka ujue ni nini kimeingia au ni nini kimekula. Na ikisoma juu ya 20.9, mahali fulani oksijeni inavuja, labda kwenye mpira wa kuchomelea. Hapo hatari ni moto: nguo na nywele huwaka kwa kasi isiyozimika kirahisi.

Pua yako usiihesabu kama kipimo. Haidrojeni salfaidi inanuka kama yai viza ikiwa kidogo sana, lakini ikifika kama 100 ppm inaua uwezo wa kunusa ndani ya dakika chache. Harufu ikipotea ghafla, usifurahi. Mshumaa nao hausaidii: huzimika oksijeni ikiwa tayari imeshuka hadi 16 au 17, hauijui sumu, na ukikutana na methani ndio unaowasha mlipuko.

7. Puliza hewa safi hadi chini. Sukuma hewa ndani, usitegemee kuinyonya. Kiberiti unaweza kukizima kwa kukipuliza ukiwa umenyoosha mkono, lakini jaribu kukizima kwa kuvuta pumzi: hata ukikisogeza karibu na midomo hakizimiki. Feni ndivyo ilivyo. Inayosukuma hufika mbali, inayonyonya huchukua kilicho mdomoni mwake tu. Kunyonya kuna kazi yake pale moshi wa kuchomelea unapotoka sehemu moja: weka mdomo wa kunyonya karibu na moshi, na bado sukuma hewa safi kwa blowa ya pili.

Ncha ya mpira ifike kama nusu mita kutoka chini, isielekezwe moja kwa moja kwenye tope. Blowa ikae upande unaotoka upepo, mbali na mdomo wa shimo, ili isirudishe ndani hewa ileile iliyotoka, na mbali na moshi wa jenereta. Hili la jenereta linarudiwa mno: blowa inafanya kazi vizuri kabisa, inapuliza kaboni monoksaidi.

Hesabu ya muda ni rahisi. Tangi la urefu mita 4, upana mita 3 na kina mita 2.5 lina mita za ujazo 30. Blowa imeandikwa mita za ujazo 25 kwa dakika, lakini mpira mrefu wenye kona mbili unaipunguza, basi hesabu nusu tu: kama 12. Unataka kubadilisha hewa angalau mara 5, yaani mita za ujazo 150, ambazo zitachukua kama dakika 13. Iache dakika 15 hadi 20. Kwa nini mara 5? Kwa sababu hewa safi inachanganyika na chafu, haiisukumi yote kwa mkupuo. Ukibadilisha mara moja, gesi mbaya inabaki kama asilimia 37. Mara tatu, kama 5. Mara tano, chini ya 1. Na hiyo ni pale inapochanganyika vizuri. Kona na vyumba vilivyogawanywa kwa kuta za ndani vinabaki nyuma, kwa hiyo sogeza mpira na uvipe muda zaidi.

Usipulize oksijeni ya mtungi kamwe. Wapo wanaofungulia mtungi wa kuchomelea "kuongeza hewa". Huko ni kujenga tanuri na kumwingiza mtu.

8. Pima tena. Zima blowa kwa dakika 10 hivi, upime vina vyote upya ukiwa nje. Oksijeni ikianza kushuka blowa ikiwa imezimwa, ujue kuna kitu bado kinaila au kinavuja ndani. Rudi hatua ya 3. Ikitulia kwenye 20.9 na vingine viko sifuri, washa blowa tena, na isizimwe hadi mtu wa mwisho ametoka.

9. Mvalishe anayeingia na mpangie mawasiliano. Mikanda yote ibane, kamba ya winchi iingie kwenye pete ya mgongoni, kipima gesi kiwe kifuani karibu na pua. Winchi ijaribiwe kwa kumning'iniza kidogo kabla hajashuka. Ishara za kamba ziwe chache, kwa mfano: mvuto mmoja, niko salama; miwili, legeza; mitatu, vuta; minne, nitoe haraka. Zirudieni kwa sauti, wote wawili.

10. Kazi ikiendelea. Mlinzi wa mlango hafanyi kazi nyingine yoyote. Haendi kuchukua bisibisi, hapokei simu, hashiki zana. Anajua ni wangapi wako ndani, anaongea nao kila dakika chache, na anasikiliza namna wanavyojibu. Mtu anayejibu kwa kuchelewa, anayeburuta maneno au anayecheka bila sababu anatolewa sasa hivi, hata kama kipima gesi kimenyamaza. Kengele ikilia, wote wanatoka kwanza. Kuchunguza ni baadaye.

Hewa ya asubuhi si ya mchana. Tope likikanyagwa linatoa gesi. Visima "vinapumua": shinikizo la hewa likishuka, kama kabla ya mvua, hewa ya ardhini isiyo na oksijeni ya kutosha inatoka kwenye udongo na kujaa kisimani. Kwa hiyo kila mkitoka wote, hata kwa dakika 20, pimeni upya kabla ya kurudi.

11. Mkimaliza. Hesabuni watu, kisha zana. Fungeni mfuniko, ondoeni kufuli kwa utaratibu, andikeni namba za mwisho kwenye kibali na mkifunge.

Makosa yanayojirudia

Pampu ya injini ya petroli inateremshwa kisimani "kwa dakika mbili tu". Kisima kidogo kinaweza kujaa kaboni monoksaidi ya kuua kwa muda mfupi sana, na haitoki injini inapozimwa. Injini ya mafuta isiingie shimoni kabisa. Tumia pampu ya umeme, au ya kunyonya ikiwa juu na mbali.

Kupima mdomoni tu. Namba inakuwa nzuri kwa sababu unapima hewa ya nje.

Kuacha mfuniko wazi usiku kucha na kuamini hewa imejibadilisha. Gesi nzito haina sababu ya kupanda.

Kuacha vifaa vya kuchomelea kwa agoni ndani ya bomba au tangi wakati wa mapumziko, koki ikiwa haijafungwa vizuri. Agoni inalala chini, na anayerudi kuokota elektrodi anainama ndani yake. Wakati wa mapumziko toeni mitungi, mipira na tochi ya kuchomelea nje kabisa.

Kuingiza kichwa "kuangalia tu". Kichwa kikiingia, mtu ameingia.

Kifaa kikikusumbua

*Oksijeni inasoma 20.5 hata kwenye hewa safi.* Sensa inazeeka au haijasawazishwa. Isawazishe upya mahali penye hewa safi kweli. Ikikataa, badilisha sensa. Nyingi za aina ya kemikali hudumu kama miaka 2.

*Inasoma namba hasi kwenye gesi za sumu au za kulipuka.* Ilisawazishwa kwenye hewa chafu, na kilichokuwepo hapo kikahesabiwa kuwa sifuri. Hiyo ni hatari, kwa sababu kila namba nyingine itasoma pungufu. Toka, isawazishe upya.

*Sensa ya kulipuka haipandi kwenye gesi ya majaribio.* Silikoni za kulainishia na baadhi ya dawa za kupulizia huiua. Usitumie kifaa hicho.

*Pampu inalia.* Mpira umekunjika, chujio limelowa au limeziba. Badilisha chujio, ziba ncha ya mpira kwa kidole: pampu ikisimama na kulalamika, haivuji. Isiposimama, mpira una tundu na unapima hewa ya juu.

*Blowa inaunguruma lakini namba hazibadiliki.* Weka mkono kwenye ncha ya mpira. Mara nyingi umekunjika mdomoni au umechanika njiani. Kama upepo upo, basi chanzo cha gesi ni kikubwa kuliko blowa, na tatizo liko hatua ya 3.

*Kengele inalia na kunyamaza.* Kuna mfuko wa gesi unaopita. Usiizime. Toeni watu.

Mtu akianguka ndani

Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilitoa onyo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu walikuwa wameingia kuokoa. Anaanguka mmoja, wa pili anaruka kumfuata, wa tatu anamwona wa pili. Hewa iliyomwangusha wa kwanza bado iko palepale, na ukishikilia pumzi kisha ukajaribu kumbeba mtu mzima, utavuta pumzi kabla hujafika kwenye ngazi.

1. Piga kelele ya msaada na piga simu ya dharura. Sema wazi "sehemu finyu, hewa mbaya", ili waje na mitungi ya hewa.
2. Usiingie. Mvute kwa winchi mara moja. Ndiyo maana alifungwa kamba tangu mwanzo, na ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika kama 4 bila oksijeni.
3. Ongeza hewa: blowa ikiwa imezimika, iwashe, mpira usogezwe kuelekea kichwani mwake.
4. Kama hakufungwa kamba, anayeingia ni yule tu aliyefunzwa, amevaa mtungi wa hewa na barakoa imebana usoni, amefungwa kamba, na kuna mwingine juu.
5. Akishatoka, mpeleke kwenye hewa safi mbali na mdomo wa shimo. Kama hapumui au anatweta kwa vipindi, mbane kifua katikati mara 30, kina cha sentimeta 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpe pumzi mbili. Kama inashukiwa haidrojeni salfaidi au kemikali, usipulize mdomo kwa mdomo; tumia kifaa cha kupulizia, au endelea na kifua tu.
6. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali. Kaboni monoksaidi hubaki kwenye damu, na madhara ya mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Mwandikie kwenye karatasi atakayekwenda nayo: gesi gani ilisomwa, namba ngapi, alikaa ndani muda gani, alitolewa saa ngapi. Kipima gesi chenyewe kisizimwe wala kusawazishwa upya hadi kumbukumbu zake zimenakiliwa.